Istiari ni kitu cha kuazima: je, tunamjua mwenyewe?

MWENYE UZI

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Jambo ninalolileta limenikaa moyoni tangu ami yangu alipoambiwa, katika hospitali moja hapa Mombasa, kwamba figo zake zimechoka na kwamba kuanzia wiki ile atakuwa akienda mara 3 kwa wiki "kuoshwa damu". Daktari alilitamka neno hilo kwa upole lakini kwa haraka, kama mtu atamkavyo neno alilolizoea, kisha akageukia karatasi zake. Ami hakuuliza lolote pale. Tulipofika nyumbani ndipo alipovua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akaniambia: "Mwanangu, damu yangu ina taka gani hata ioshwe? Nimekula haramu gani mimi?" Huyu ni mtu asiyetoka mlangoni bila udhu, na katika uzee wake ameambiwa kwamba ndani mwake mna uchafu ambao udhu wake hauufikii. Kwa siku 2 alikataa kurudi hospitalini, na haikuwa kwa kuogopa sindano; ilikuwa ni haya.

Daktari hakusema uongo wala hakukusudia kumvunjia mzee heshima. Alitumia istiari, na istiari ile ikafanya kazi ambayo hakuituma. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza maneno yangu mwenyewe, nikaona kwamba hakuna jambo lolote la maana katika maisha yetu tunaloweza kulitaja bila kulivisha nguo ya jambo jingine: mapenzi, mauti, siasa, maradhi, hata hali ya hewa.

Neno lenyewe, istiari, limetoka katika Kiarabu na maana yake ni kuazima. Wagiriki waliita metafora, yaani kuhamisha, kukibeba kitu kutoka hapa hadi pale, na mpaka leo huko Ugiriki magari ya kuhamisha mizigo huandikwa neno hilo hilo ubavuni. Mimi napenda zaidi maana ya kuazima, kwa sababu kitu cha kuazima kina mwenyewe, na wazee wetu wametuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. (Wapo watamkao "sitiari" na kudhani kwamba ni jambo la kusitiri maana. Istiari na kusitiri yanafanana masikioni tu. Mashina yake ni mbalimbali.)

Sasa tazameni sisi wa pwani tumeazima kwa nani. Mtangazaji aliye Nairobi, ambaye huenda hajawahi kupanda chombo, husema kwamba michuano imeng'oa nanga na kwamba nahodha wa timu ameumia. Ndugu zetu wa Tanzania waliupanga mustakabali wa nchi yao wakauita Dira ya Maendeleo 2025, na dira ni kile kifaa cha baharia cha kumwonyesha kaskazini. Dereva wa matatu hushika usukani, neno lililokuwa la chombo kabla ya kuwa la gari. Maneno haya yamesafiri salama. Yapo mengine yaliyopoteza mzigo njiani, na la kwanza ni mrama. Tunaposema kwamba mambo yamekwenda mrama, tunamaanisha kwamba yameharibika, tunatikisa kichwa na kuondoka. Muulizeni baharia. Atawaambia kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo, ubavu huu na ubavu huu, mawimbi yanapokipiga kwa upande. Chombo kiendacho mrama hakijazama. Tanga lipo, nahodha yupo, na kazi yake kwa wakati huo ni kukigeuza ili omo, yaani sehemu yake ya mbele, ielekee wimbi. Aujuaye mrama husikia katika neno hilo hali inayotaka mkono wa mtu, na asiyeujua husikia mambo yaliyokwisha.

Au kupwelewa. Mtu aliyekwama kimaisha husema kwamba amepwelewa, na watu humhurumia kana kwamba amevunjika. Chombo kilichopwelewa kimekaa juu ya mchanga tu, kinangoja maji, na maji ya Mombasa hujaa mara 2 kwa siku. Ni kweli kwamba aliyepandia mchanga maji ya bamvua, yale yajaayo kupita kiasi, yalipofika kikomo huenda akangoja wiki 2 hadi bamvua jingine, kwa kuwa maji mafu, yale yajaayo kidogo, hayatamfikia. Hilo nalo ni elimu: matatizo mengine yana kungoja kufupi na mengine kungoja kurefu, na neno moja la baharini lilibeba tofauti hiyo yote.

Hoja yangu ni hii: istiari hutupatia macho kadiri tunavyomjua mwenyewe kitu. Tukishamsahau, neno hubaki mdomoni na macho hupotea. Ningependa kusikia kutoka kwenu.

MCHANGIAJI, KISAUNI

Ndugu, pole kwa maradhi ya ami. Mwenyezi Mungu amjaalie afueni. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari na nimeusoma ujumbe wako mara 2, kwa sababu umeigusa kazi yangu. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba wakiona "kama" au "mithili ya", hiyo ni tashbihi. Wasipoiona, ni istiari. Ikiendelezwa kwa kirefu, ni jazanda. Wanapiga mstari, wanapata alama, tunafungua ukurasa unaofuata. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kitu kilichoazimwa kilitoka wapi, nami sikuwahi kuwauliza.

Hata hivyo natofautiana nawe mahali pamoja. Waandika kana kwamba istiari ni kitu tukichukuacho na kukirudisha tutakapo, ilhali nyingi tumezaliwa ndani yake. Chukua kitenzi kimoja tu, kula. Mtu hula kiapo, hula njama, hula rushwa, hula hasara, na akiishi sana husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Hakuna aliyekaa akachagua kuiona dunia yote kama sahani ya chakula. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walieleza kwamba istiari ni njia ya kufikiri kabla ya kuwa pambo la washairi, na mfano wao mmojawapo ulikuwa wakati: wasemaji wa Kiingereza huuzungumzia kama fedha, wakautumia, wakauweka akiba, wakaupoteza.

Nilipokutana na mfano huo nilishtuka, kwa sababu nilikulia katika nyumba ambamo wakati ulikuwa ukuta. "Wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe," ndivyo alivyosema nyanya kila tulipochelewa. Ukuta hauwekwi akiba wala haukopeshwi. Tulioishi kisiwa hiki tunajua kuta ni nini: zile za Ngome ya Yesu, ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, bado zimesimama mbele ya bahari na waliozipigania wote wamekwisha. Asemaye kwamba wakati ni fedha huhesabu alichobakiza. Asemaye kwamba wakati ni ukuta hutafuta njia ya kuupitia kando. Leo mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi kwamba wanapoteza muda, na nimetambua tu baada ya kuusoma uzi huu kwamba nimebadilisha mwenyewe kitu bila kumuaga nyanya.

MCHANGIAJI, MTAA WA BIASHARA

Wanangu, mimi ni mama muuza leso, na hayo ya kuazima nayaona kila siku juu ya meza yangu. Rangi ambazo Kiswahili kinazo kwa sifa zake wenyewe, zile zinazofuata ngeli ya nomino, ni 3 tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zilizobaki tumeziazima kwenye vitu. Kijani tumekitoa kwenye jani, kijivu kwenye jivu, manjano kwenye bizari, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye mzambarau. Samawati imetoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Mteja akinitajia rangi huwa ananitajia jikoni kwake au bustani yake, na bibi harusi wa siku hizi asiyejua bizari mbichi inavyoonekana hulazimika kunionyesha picha kwenye simu.

Na leso yenyewe, mwaijua sehemu zake? Kuna pindo lizungukalo pande zote 4, kuna jina lililoandikwa, na pale katikati panaitwa mji. Mji! Wakunga wa zamani nao waliliita mji lile fuko anamokaa mtoto tumboni mwa mamaye. Nami naandika haya nikiwa hatua chache tu kutoka Mji wa Kale. Miji yote mitatu ni mahali pa ndani palipozungukwa na kuhifadhiwa, na mwanamke ajifungapo leso, mji wa nguo huangukia juu ya mji wa mwili. Sikufundishwa hilo na mtu. Nililiona siku moja nikimfunga binti yangu leso alipokuwa mja mzito.

Kuhusu daktari, mwanangu, ngoja nikwambie la fumbo. Mwanamke akimpa jirani yake leso yenye jina kali, anajua amefumba, na aliyepewa anajua amefumbiwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya mafumbo wakati Mazrui, watawala wa Mombasa, walipovutana na Seyyid Said, sultani wa Oman, na mji mzima ulishindana kuyafumbua. Fumbo halina dhara likiwa wote wawili wanajua kwamba ni fumbo. Daktari yule alifumba bila kujua kwamba amefumba, na ami yako akalichukua neno kama lilivyo.

MCHANGIAJI, CHANGAMWE

Nimesita kuandika, kwa kuwa mimi ni muuguzi na neno hilo nimelisema kwa kinywa changu kwa miaka. Mgonjwa anapofika kwetu nina maneno 2 ya kumpa: dialisisi, ambalo halimwambii chochote, na kuosha damu, ambalo nilidhani linamwambia yote. Leo nimeona kwamba linamwambia pia nisilolikusudia.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati: kwa nini tusiziache istiari kabisa mahali ambapo uhai wa mtu uko hatarini? Nimewaona jamaa wakimwambia mgonjwa wa saratani kwamba apigane, asikubali kushindwa. Alipofariki, mwanawe akaniuliza kama mamake hakupigana vya kutosha. Nimewaona wenye ugonjwa wa sukari wakiacha sukari kwenye chai kwa uaminifu mkubwa, kisha wakala mahamri 4 na sinia ya wali, kwa sababu jina la maradhi limetaja sukari na halikutaja wanga. Tuseme wazi. Tuseme figo hazichuji tena, basi.

Na ami yako, ndugu, alirudi?

MWENYE UZI

Dada yangu, sikuuleta uzi huu kwa ajili ya kuwalaumu wauguzi, ambao ndio waliomshika ami mkono. Nami mwanzoni nilikuwa na rai kama yako. Jioni ya siku ya pili nilikaa naye, nikamwambia wazi: "Ami, figo zako hazichuji tena." Akanitazama. "Zachuja nini?" Hapo nikagundua kwamba kuchuja nako kumetoka jikoni, na kwamba nilichokiita maneno wazi kilikuwa istiari ya pili iliyozoeleka zaidi ya ya kwanza.

Basi nikaamua kumfuata mwenyewe kitu hadi jikoni. Shangazi alikuwa ameikalia mbuzi, akikuna nazi kwa mchuzi wa jioni. (Nayo iliitwaje mbuzi, kama si kwamba kuna aliyeona kigoda chenye miguu na chuma chenye meno kilichonyosha shingo mbele, akaona mnyama?) Nilikiomba kifumbu chake, nikaweka nazi iliyokunwa, nikamimina maji ya vuguvugu, nikakamua mbele ya ami. Tui likatoka, chicha ikabaki. Nikasema: figo ni kifumbu, na kifumbu chako kimeziba. Akakipokea mkononi, akakigeuza, kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo nalihesabu kuwa swali bora nililowahi kuulizwa kuhusu istiari yoyote: "Na kinachopita ndicho cha kunywa, au kinachobaki?"

Nilinyamaza, kwa sababu jibu ni kinyume. Kwenye kifumbu tunakitaka kinachopita na tunakitupa kinachobaki. Figo zenye afya huchuja takriban lita 180 kwa siku, zikazirudisha mwilini karibu zote, na kinachoachwa kitoke ni lita moja au 2 tu za mkojo. Mfano wangu ulikuwa umepinduka, naye aliuona upindukaji huo kwa vidole, kwa kuwa amekula samaki wa nazi maisha yake yote na anajua kifumbu hufanya nini. Mtu asiyekijua kifumbu angeukubali mfano wangu, akaenda nao ukiwa umepinduka vile vile. Mwalimu wangu wa Kisauni, ndiyo maana sikubali kwamba kuzaliwa ndani ya istiari kunatuzuia kuzikagua. Ami hakuikataa; aliikagua kama mnunuzi akaguavyo mzigo.

Kisha akatafuta yake. Ujanani alikuwa baharia, akipakia boriti Lamu na kuzishusha hapa. Akasema, na nayanukuu maneno yake kama alivyoyasema: "Chombo cha mbao hakikosi maji. Hata ukitie kalafati mpya, maji yatapenya kidogo kidogo, yateremke ngamani. Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia hufua maji asubuhi, akafua jioni, wala hasemi chombo changu kichafu. Waniambie wanifua maji, nitakwenda."

(Tezi ni nyuma ya chombo, na ngama ni tumbo lake la chini, maji yanapokusanyika.) Tazameni alichokifanya. Kitenzi ni kile kile tukitumiacho kwa nguo, kufua, lakini sisi tunafua nguo, tunafua nazi, tunafua chuma, na mabaharia hufua maji, yaani huyachota chomboni na kuyamwaga nje. Alilichukua tendo la kuosha alilopewa na daktari, akaliondolea taka, akalipa heshima. Na kwa jambo moja alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote: figo zikishindwa, maji hubaki mwilini, miguu huvimba, na sehemu kubwa ya kazi ya ile mashine katika saa 4 za kila kikao ni kuyatoa.

Sisemi kwamba mfano wake ulitosha. Alipokatazwa madafu alihamaki, akidai kwamba dafu ni maji na maji anafuliwa. Hapo ngama haikuweza kumweleza kitu, kwa sababu tatizo la dafu ni madini ya potasiamu, ambayo yakizidi katika damu huuvuruga mwendo wa moyo, na hakuna kitu katika chombo cha mbao kinachofanana na hayo. Muuguzi alimweleza hivyo hivyo bila mfano wowote, akamshika mkono akamwekea vidole juu ya mshipa wake mwenyewe wa kifundo cha mkono ili ausikie moyo unavyogonga. Akaelewa.

MCHANGIAJI, CHANGAMWE

Nashukuru, ndugu. Kuanzia kesho nitamuuliza mgonjwa kazi yake kabla ya kumweleza maradhi yake. Naomba uniambie jambo moja: baharia hufulia maji kwa kitu gani? Nataka nilijue jina lake kabla sijamwambia mzee mwingine.

MWENYE UZI

Huitwa upo. Ni kata ya kuchotea maji ndani ya chombo, ndogo kiasi cha kupita baina ya mataruma, yaani mbavu za chombo, na hukaa karibu na mkono wa baharia usiku na mchana.

Jumanne nilimpeleka ami. Walimpima uzito alipoingia na wakampima tena alipotoka, akawa amepungua kilo 2. Aliisoma mizani mwenyewe, akavaa kofia yake, akamgeukia yule binti aliyemhudumia na kumuuliza: "Leo umefua upo ngapi, mwanangu?" Binti hakulijua neno hilo. Ami akakaa tena kitini, akaanza kumweleza.